Mpiga isukuti akikosa, ni nani wa kumrudi?

Kijana anayening'iniza isukuti begani katika vijiji vya Shinyalu au Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, huwa chini ya mamlaka kadhaa kwa wakati mmoja. Kiongozi wa kikundi humwamrisha, wazee wa ukoo humtazama, na ikiwa bado yuko darasani, mwalimu mkuu naye ana neno juu yake. Juu ya hao wote ipo sheria ya nchi. Hata hivyo, kijana huyo akilewa kazini, akitoweka na fedha za wenzake au, baya zaidi, akimharibia maisha msichana aliyejiunga na kikundi ili acheze, aghalabu kila mmoja wa wakubwa hao humsubiri mwenzake achukue hatua.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mnamo Novemba 2014, katika kikao kilichofanyika Paris, Ufaransa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza ngoma ya isukuti ya jamii za Isukha na Idakho katika orodha ya turathi za kitamaduni zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa zilikuwa wazi. Wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi; fedha pamoja na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba; watunzi wanakimbilia muziki wa biashara; nao watazamaji wanapendelea burudani za kisasa.

Kwa maneno mengine, isukuti ina njaa ya vijana. Lakini ni mzazi gani atakayemruhusu mwanawe, hasa binti, akeshe matangani na kikundi asichojua humfanyaje mwanachama anayekosa? Suala la nidhamu, ambalo wengi huliona kuwa la ndani ya kikundi tu, ndilo linaloamua iwapo warithi hao watapatikana au la.

NGOMA YA WATU, SAA ZA HATARI

Isukuti ni jina la ngoma inayopigwa na vilevile la mchezo wenyewe. Ngoma huenda tatu tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikiwa ni gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi, na kwa desturi ngozi hiyo ilikuwa ya kenge. Huandamana na pembe la swala na vyuma vya kutikiswa. Mwimbaji mmoja hutangulia kwa maneno, wengine wakaitikia, huku wanaume na wanawake wakicheza katika safu zilizotengana. Ni mchezo wa kasi, na ni mchezo wa kila tukio: mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana, mzee akifariki, kiongozi akizuru au timu ikishinda.

Kuna pia mapambano ya mafahali. Mashabiki wa Khayega na Malinya wanajua kwamba fahali hafiki uwanjani kimyakimya. Hutolewa zizini kabla ya mapambazuko akisindikizwa kwa ngoma, pembe na vijana wanaokimbia. Anapofariki mtu mashuhuri, mafahali na ngoma hukutana tena katika heshima ya mwisho iitwayo shilembe.

Ukizitazama shughuli hizo kwa makini, utagundua kwamba kikundi cha isukuti hufanya kazi zake nyingi penye umati, usiku au alfajiri, huku chang'aa na busaa zikiwa hatua chache tu kutoka hapo. Mhasibu wa ofisini anayekosa nidhamu huonekana na wenzake kumi mchana kweupe. Mpiga ngoma anakosa gizani, mbali na kwao, mahali ambapo kila mtu ana msisimko. Huu si udhuru wa makosa. Ni sababu ya kanuni za kikundi kuhitaji kuwa kali zaidi kuliko za chama cha kuweka na kukopa.

Zamani kanuni hizo hazikuandikwa kwa kuwa hazikuwa na haja ya kuandikwa. Wapigaji walikuwa ndugu na majirani. Ngoma ilikuwa na boma lake, na mwenye boma alijua nani ameichukua na nani ameirudisha. Kijana aliyevuka mpaka hakuhitaji barua ya onyo. Alinyimwa ngoma, akasimama pembeni na kumtazama binamu yake akiipiga mbele ya kijiji kizima. Aibu ilifanya kazi ya hakimu.

Utaratibu huo ulitegemea jambo moja, nalo ni kwamba waliopiga pamoja waliishi pamoja. Leo kikundi hukodiwa. Hualikwa harusini Nairobi, hotelini Kisumu au katika mkutano wa mwanasiasa, na kiongozi akipungukiwa na watu hupiga simu kuokota mpigaji hapa na mchezaji pale. Mtu aliyejiunga na wenzake Ijumaa na kuachana nao Jumapili hawezi kuona haya mbele ya wazee asiowajua.

FEDHA ZA TUZO

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na katika isukuti methali hiyo huchukuliwa jinsi ilivyo. Mwimbaji anapomtaja mwenye shughuli, akausifu ukoo wake na kuwakumbuka marehemu wake, mkono huingia mfukoni. Noti hubandikwa kwenye paji la uso lenye jasho au hutiwa katika mfuko wa shati la mwimbaji. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa vikundi huanzia.

Je, noti hiyo ni ya nani? Mwimbaji atasema ni yake, kwa kuwa ulimi uliosifu ni wake. Mpiga ngoma kubwa atauliza ulimi huo ungesema nini bila mikono yake. Wachezaji wa kike, ambao mara nyingi hawafikiwi na noti hizo, hubaki na ujira wa mapatano tu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu mtunzaji anaweza kutuma fedha moja kwa moja kwenye simu ya mwimbaji na hakuna jicho litakaloziona zikipita.

Makosa mengi yanayoitwa wizi ndani ya vikundi hutokana na swali hilo ambalo halikujibiwa mapema. Ni vigumu kumwadhibu mtu kwa kuvunja kanuni ambayo haikuwahi kutungwa. Kikundi kilichoamua, na kuandika, kwamba tuzo zote humwagwa mezani mwisho wa shughuli, zikahesabiwa mbele ya watu watatu na kugawanywa kwa viwango vinavyojulikana, huwa kimeondoa nusu ya kesi zake kabla hazijazaliwa. Kikundi kinachoamua kwamba kila mtu achukue alichotunzwa nacho kimeweka kanuni, hata kama ni kanuni ya uchoyo. Balaa huja pale ambapo kila mwanachama ana kanuni yake kichwani.

Ulimi wa mwimbaji una hatari nyingine, hasa nyakati za uchaguzi. Isukuti ina uhuru mkubwa wa maneno. Hukejeli na kufichua, na mara nyingine husema yale ambayo mtu mzima asingeyasema nje ya ngoma. Mwanasiasa analijua hilo. Humpa mwimbaji fedha ili amtukane mpinzani, na ikiwa mpinzani ni wa kabila jingine, matusi hulihusisha kabila zima. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipitisha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila na kuweka adhabu ya faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo haikuwatenga waimbaji. Kusema ulikuwa wimbo tu si kinga mahakamani, na kiongozi wa kikundi aliyepokea malipo akijua wimbo utakuwa wa namna gani hawezi kujidai kuwa alikuwa akitikisa vyuma nyuma.

Kuhusu ulevi na kuchelewa, hakuna fumbo kubwa. Vikundi vyenye sifa nzuri huweka kanuni kwamba aliyelewa hashiki ngoma wala halipwi siku hiyo, na aliyechelewa hukatwa sehemu ya ujira. Kinachoshindikana ni kuitekeleza kanuni hiyo dhidi ya mpigaji hodari. Kikundi kina wachezaji ishirini lakini mpiga ngoma kubwa ni mmoja, naye anajua kwamba bila yeye hakuna shughuli. Dawa ya kiburi hicho ni kumfunza wa pili na wa tatu, jambo ambalo pia ndilo UNESCO ilililia iliposema warithi hawapo.

MAJIRANI WENYE SARE

Si ngoma zote za eneo hilo zenye matatizo hayo. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921 na kuota mizizi magharibi mwa nchi, lina bendi zinazoandamana kwa ngoma na tarumbeta. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 na lenye makao katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Vihiga, linajulikana kwa misafara ya Jumapili ya waumini waliovaa kanzu nyeupe, wakiwa na bendera na ngoma.

Katika makundi hayo, ngoma si mali ya mpigaji wala ya ukoo wake, na kuipiga ni utumishi. Mwanajeshi wa Wokovu huahidi tangu anapoapishwa kuepuka pombe na tumbaku, na anayevunja ahadi anaweza kuondolewa katika bendi bila mabishano juu ya malipo, kwa kuwa malipo hayapo. Mfano huo una mafunzo, ingawa hauwezi kuhamishwa wote. Kikundi cha isukuti kinachokula kwa jasho la ngoma hakiwezi kuwaambia wanachama wake wapige kwa thawabu ya mbinguni.

KANUNI ILIYOANDIKWA

Kwa kikundi cha kukodiwa, kilichochukua nafasi ya ukoo ni katiba ya kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 imevipa vikundi vya kujisaidia msingi wa kisheria na inadai kila kikundi kinachosajiliwa kiwe na katiba. Usajili hufanywa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Kwa bahati mbaya, katiba nyingi za vikundi hunakiliwa kutoka kwa jirani ili cheti kipatikane, kisha hufungiwa kabatini. Sehemu ya nidhamu, ikiwapo, hutosheka na mstari mmoja unaosema kwamba mwanachama mkaidi atafukuzwa.

Mstari huo hautoshi, kwani hausemi ukaidi ni nini, nani anaushtaki, nani anausikiliza wala anayeshtakiwa atajitetea vipi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazungumzia hatua za kiutawala zilizo za haki, na Kifungu cha 50 kinatoa haki ya mgogoro kusikilizwa kwa usawa. Hata bila kuingia katika ubishi wa mawakili juu ya vifungu hivyo vinafika wapi katika kikundi kidogo cha kijijini, msingi wake unaeleweka na mzee yeyote wa baraza: mtu haadhibiwi kabla hajaambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujibu, na aliyeibiwa hawi hakimu katika kesi ya wizi huo.

Kwa vitendo, hilo humaanisha mambo machache. Kosa liandikwe katika kitabu cha kikundi pamoja na tarehe. Mshtakiwa apewe siku kadhaa. Wanaosikiliza wasiwe mwenyekiti na shemeji yake. Adhabu iende kwa ngazi, kuanzia onyo, kukatwa ujira, kusimamishwa kwa shughuli kadhaa, hadi kufukuzwa kwa kura ya mkutano mkuu. Anayefukuzwa alipwe alichokwisha kukitolea jasho, asije akanyang'anywa akiba yake kwa kisingizio cha nidhamu. Vikundi vingi huvunjika baada ya kufukuza mtu kwa haki lakini vikazuia fedha zake bila haki. Aliyefukuzwa huenda na jamaa zake wote, na ikiwa ngoma ilitoka kwa babu yake, huenda nayo.

Adhabu moja haina nafasi kabisa, nayo ni kiboko. Kifungu cha 29 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kipigo. Shuleni, viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaitia nguvu marufuku hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayefunza isukuti kwa ajili ya Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo historia yake inaanzia mwaka 1927, hana ruhusa ya kumchapa mpigaji aliyekosea mdundo, hata kama yeye mwenyewe alifunzwa hivyo.

Kipigo kingine ni kile ambacho wanachama hupigana wenyewe kwa jina la kumkaribisha mgeni. Wakenya waliosoma shule za bweni wanakijua kwa jinsi mamono wa kidato cha kwanza walivyoteswa. Mahali kinakofikia palionekana Marekani mnamo Novemba 19, 2011, wakati Robert Champion, mwanafunzi wa miaka 26 na mmoja wa viongozi wa bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, alipofariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi mjini Orlando, katika desturi ya siri ya bendi hiyo. Wanafunzi walishtakiwa, bendi ikasimamishwa hadi mwaka 2013. Kila mmoja aliyempiga alikuwa mwenzake wa ngoma.

PASIPO NA MAMLAKA YA KIKUNDI

Hadi hapo makosa yaliyotajwa, mengi yake, yanaweza kumalizwa na kikundi chenyewe. Liko kosa ambalo kikundi hakina ruhusa ya kulimaliza, na ndilo ambalo wazee hukimbilia kulimaliza haraka zaidi.

Katika Kenya, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anakabiliwa na kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Na wa miaka 16 hadi 17, kisichopungua miaka 15. Hakuna kipengele kinachosema mambo huwa tofauti kwenye matanga, wala panapopigwa ngoma, wala msichana akiwa amekuja kwa hiari. Sheria hiyo inamtazama kwa jicho kali zaidi aliyetumia cheo au dhamana yake juu ya mwathiriwa, na kiongozi wa kikundi anayesafiri na watoto wa watu amebeba dhamana hiyo.

Magharibi mwa Kenya si wageni wa habari hizi. Disko matanga, yaani muziki wa usiku unaopigwa kwenye misiba kwa kisingizio cha kuchangisha fedha za mazishi, zimepigwa marufuku mara kwa mara na wakuu wa utawala wa eneo hilo kwa sababu ya unajisi na mimba za wasichana wa shule. Si haki kuitia isukuti katika kapu moja na disko. Isukuti ni sehemu ya maombolezo na ina wazee wake. Lakini giza ni lilelile, na mtoto anayerudi nyumbani saa tisa za usiku ni yuleyule.

Tukio likitokea, njia iliyozoeleka ni kuziita familia mbili mbele ya liguru wa kijiji, pakatajwa ng'ombe au fedha, na kijana akahamishiwa kikundi kingine. Hapo kikundi huamini kimeonyesha nidhamu. Ukweli ni kwamba kimemhamisha mkosaji hadi kwa watoto wengine ambao wazazi wao hawajui lolote. Mamlaka ya kuanzisha na kusitisha mashtaka ya jinai ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hata akitaka kuondoa kesi mahakamani huhitaji idhini ya mahakama. Mwenyekiti wa isukuti hawezi kuwa na uwezo ambao afisa huyo hana.

Wanaodhani kunyamaza huliokoa jina la kikundi wana mfano wa kutazama. The Cadets, kundi la vijana wa ngoma na tarumbeta lililoanzishwa New Jersey, Marekani, mwaka 1934, lilikuwa miongoni mwa yaliyosifika zaidi katika mashindano ya nchi hiyo. Mwaka 2018 mkurugenzi wake alijiuzulu baada ya gazeti la The Philadelphia Inquirer kuchapisha madai ya wanawake kadhaa kwamba aliwadhulumu kingono kwa miaka mingi. Kundi lilibadilisha uongozi likaendelea. Lakini madai mengine, ya tangu miaka ya 1980, yalifika mahakamani, na mwaka 2024 kundi lilitangaza kufunga milango kwa kuelemewa na gharama zilizotokana nayo. Lilikuwa limedumu kwa miaka 90.

Kwa hiyo hatua ya kikundi katika kosa la aina hiyo ni fupi. Mshukiwa aondolewe mara moja katika shughuli zote zenye watoto, bila kusubiri hukumu, na habari zipelekwe kwa polisi au kwa ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Mtoto apelekwe hospitalini kabla ya kuoga na kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazifai kitu zikichelewa zaidi ya hapo. Kumhoji ni kazi ya waliofunzwa, haifanywi na kamati iliyokaa chini ya mwembe.

Likizo ya Agosti, ambayo ndiyo pia msimu wa tohara katika sehemu nyingi za magharibi, ndipo vikundi huchukua wanafunzi wengi. Mzazi anayeombwa kumtoa mtoto wake ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kusema ndiyo. Kikundi kimesajiliwa kwa jina gani? Ni mtu mzima yupi, tena kwa wasichana ni mwanamke yupi, atakayekuwa nao tangu kuondoka hadi kurudi? Watalala wapi, na watarudi saa ngapi? Kiongozi anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu. Na kwa jambo linalomhusu mtoto ambalo haliwezi kungoja kupambazuke, nambari ya simu ya kitaifa ya kuwasaidia watoto ni 116, na kuipiga hakulipiwi.